Moyo wa Kazi Hauanzii Moyoni

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Oslo nchini Norway na wa Western Cape nchini Afrika Kusini, walianzisha mradi uliojulikana kwa jina la LOITASA. Swali lao lilihusu lugha ya kufundishia. Katika baadhi ya shule za sekondari za Tanzania walipanga vipindi vya sayansi na jiografia vifundishwe kwa Kiswahili, wakavilinganisha na vipindi vya kawaida vya Kiingereza. Katika vipindi vya Kiingereza darasa lilikuwa zito: ubao unajaa maandishi, wanafunzi wananakili, swali linajibiwa kwa sauti ya pamoja na kwa neno moja. Katika vipindi vya Kiswahili wanafunzi waliuliza, walibishana, walitoa mifano ya nyumbani kwao, na mwalimu naye akafundisha kwa uhuru ambao hakuwa nao katika lugha ile nyingine.

Ripoti zile husomwa kama hoja ya lugha, na kweli ni hoja ya lugha. Mimi huzisoma pia kama ushahidi juu ya kazi. Mwalimu aliyefundishwa sayansi na akatakiwa kuifundisha kwa lugha anayoimudu nusunusu analipwa mshahara uleule katika vipindi vyote viwili. Mkuu wake wa shule ni yuleyule, na msongamano wa wanafunzi ni uleule. Anapoingia kipindi cha Kiingereza anaficha uso ubaoni. Anapoingia kipindi cha Kiswahili anawageukia wanafunzi. Ukimwona katika kipindi cha kwanza tu utaandika kwenye ripoti yako kwamba hana moyo wa kazi, na utakuwa umekosea.

Kwetu kosa hilo hufanyika kila siku. Mkuu wa idara akiwalalamikia watu wake husema hawajitumi, wanafanya kazi kwa mazoea, ni watu wa bora liende. Maneno hayo yote humhukumu mtu na kuiacha kazi yenyewe bila kuguswa. Hukumu ikishatolewa hivyo, dawa yake inajulikana: akodiwe mhamasishaji, ukumbi ulipiwe, watu wapewe chai na sambusa na maneno ya kuwatia hamasa, kisha Jumatatu warudi kwenye meza zao zilezile. Utafiti wa karibu miaka 50 unaonyesha kwamba mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Kwa sehemu kubwa mtu huanza kwa kuweza, akajiona ameweza, na moyo ukafuata nyuma.

Lakini lazima kwanza tutenganishe maneno, kwa sababu neno "kujiamini" limebebeshwa mizigo mingi. Tunaposema fulani anajiamini, mara nyingi tunamaanisha anazungumza bila kigugumizi, anamtazama bosi usoni, hababaiki kwenye usaili. Wakati mwingine tunamaanisha ana majivuno. Mwanasaikolojia aliyelichunguza jambo hili kwa kina kuliko wengine, Albert Bandura, alikuwa akitafuta kitu chembamba zaidi. Bandura alizaliwa mwaka 1925 huko Mundare, mji mdogo wa jimbo la Alberta nchini Kanada, akasoma katika shule iliyokuwa na walimu wachache mno hata wanafunzi wakalazimika kujifundisha wenyewe sehemu kubwa ya masomo. Baadaye alifundisha kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na alifariki mwaka 2021.

Jambo lililomfikisha kwenye fikra yake kuu lilikuwa nyoka. Yeye na wenzake walikuwa wakiwatibu watu wenye hofu kali ya nyoka, hofu iliyowafanya baadhi yao washindwe hata kutembea porini au kulala bila ndoto mbaya. Hawakuwahubiria wala kuwachimbua utoto wao. Waliwapitisha hatua kwa hatua: kumtazama nyoka kwa mbali kupitia kioo, kuingia chumba alimo, kumgusa kwa glavu, mwisho kumshika kwa mikono mitupu, mtaalamu akiwa kando yao. Katika muda wa saa chache hofu ya miaka mingi iliwatoka. Baadaye watu hao walisema jambo ambalo Bandura hakulitegemea: kwamba walikuwa wameanza kuyakabili mambo mengine maishani ambayo hayakuhusiana na nyoka hata kidogo. Walikuwa wamegundua kwamba wanaweza kubadilika.

Mwaka 1977 aliandika makala katika jarida la *Psychological Review* akalipa jambo hilo jina. Kwa Kiswahili nitaliita imani ya uwezo: imani ya mtu kwamba anaweza kuitekeleza kazi fulani, katika mazingira fulani, hadi mwisho. Neno "fulani" hapo ni la lazima. Muuguzi anaweza kutetemeka akiombwa asalimie mkutano, lakini ukimletea mtoto mchanga aliyeishiwa maji mwilini, ambaye mishipa yake haionekani, akatulia na kuupata mshipa mara moja. Mhasibu mzoefu wa leja za karatasi anaweza kujiona mpya kabisa siku ofisi inapohamia kwenye mfumo wa kompyuta. Imani ya uwezo haiandikwi kwenye damu. Inafuata kazi, na kazi ikibadilika, nayo inaweza kuporomoka kwa siku moja bila tabia ya mtu kubadilika.

Upande wa pili wa swali ni moyo wa kazi, nao umepata wachunguzi wake. William Kahn, mwaka 1990, alichapisha utafiti alioufanya sehemu mbili zisizofanana kabisa: kambi ya vijana ya msimu wa likizo katika visiwa vya Karibi na kampuni ya wasanifu majengo nchini Marekani. Alitaka kujua ni wakati gani mtu huileta nafsi yake yote kazini na ni wakati gani huleta mwili tu. Alipata masharti matatu: kazi iwe na maana kwa anayeifanya, awe salama kusema na kukosea bila kudhalilishwa, na awe na nguvu za mwili na akili za kuitoa nafsi hiyo. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa sana. Mtu anayewaza kodi ya nyumba iliyochelewa miezi miwili yupo ofisini, lakini hapatikani.

Wilmar Schaufeli wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na wenzake wakatengeneza mwaka 2002 kipimo ambacho sasa kinatumika nchi nyingi. Waliugawa moyo wa kazi katika sehemu tatu: nguvu, kujitoa, na kuzama, yaani ile hali ya kushtuka kwamba saa zimekwenda bila kuziona. Schaufeli alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza kinyume chake, kule kuchakaa kwa mtumishi kulikofafanuliwa na Christina Maslach nchini Marekani. Na Maslach, katika kipimo chake cha mwaka 1981, alikuwa ameorodhesha dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kwamba hakuna unachokifanikisha. Dalili hiyo ya mwisho ni imani ya uwezo iliyokufa. Kwa hiyo tangu mwanzo mambo haya mawili yalikuwa yamefungwa kwenye kamba moja, hata kabla ya mtu kuyapima pamoja.

Yalipopimwa pamoja, uhusiano ulijitokeza waziwazi. Alexander Stajkovic na Fred Luthans walikusanya mwaka 1998 matokeo ya tafiti 114 kuhusu imani ya uwezo na utendaji kazini, wakapata uwiano wa wastani wa 0.38, ambao katika elimu ya tabia za watu ni mkubwa. Walionya pia kwamba uwiano huo hupungua kadiri kazi inavyokuwa ngumu na yenye mambo mengi. Despoina Xanthopoulou na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 163 nchini Uholanzi kwa takribani miezi 18, wakiwapima mwanzo na mwisho. Walichokipata hakikuwa mshale wa upande mmoja. Waliokuwa na imani ya uwezo mwanzoni walikuwa na moyo zaidi mwishoni, na waliokuwa na moyo mwanzoni walikuwa na imani zaidi mwishoni. Marisa Salanova alikuwa ameona mzunguko wa namna hiyo kwa walimu 258 wa sekondari nchini Uhispania: kujiona unaweza kunakufanya uzame katika kazi, kuzama kunaifanya kazi itoke vizuri, na kazi iliyotoka vizuri inakupa sababu ya kujiona unaweza.

Mzunguko kama huo hupanda, na hushuka vilevile. Mwalimu anayeogopa kipindi hujiandaa kwa kusitasita, kipindi kinaharibika, wanafunzi wanamcheka, na kesho anakiogopa zaidi. Baada ya muhula mmoja amejifunza njia salama: kuandika ubaoni kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipindi. Kwa nje inaonekana ni uvivu.

Swali lenye manufaa, basi, ni mahali ambapo mzunguko unaweza kushikwa na kugeuzwa. Bandura alitaja chemchemi nne zinazoijaza imani ya uwezo, na alizipanga kwa nguvu zake. Ya kwanza, inayozizidi zote, ni kufanya mwenyewe na kufaulu. Ya pili ni kumwona mtu anayefanana nawe akifaulu. Ya tatu ni maneno ya kutiwa moyo. Ya nne ni namna mtu anavyousoma mwili wake mwenyewe, kama mapigo ya moyo na jasho la viganja anayachukulia kuwa hofu au kuwa utayari.

Kwenye chemchemi ya kwanza hatuhitaji kwenda Stanford. Nenda popote panapojengwa nyumba ukamwangalie saidia fundi. Anaanza kwa kubeba maji na mchanga, anachanganya zege, anampelekea fundi udongo kwa karai. Miezi ikipita fundi anamkabidhi mwiko. Hampi ukuta wa sebuleni, ambao mwenye nyumba ataukodolea macho. Anampa ukuta wa stoo, au upande wa nyuma, apige lipu huko. Kisha fundi anakuja na rula na timazi, anamwonyesha palipotuna na palipobonyea, na kijana anabandua na kurudia. Ukuta ukinyooka, kijana anajua umenyooka kwa sababu timazi limesema. Hakuna aliyempongeza kwa upendeleo. Kuta zinaongezeka, ugumu unaongezeka, na siku moja anabaki peke yake sebuleni wala hashtuki. Kila sharti ambalo Bandura aliliandika limo humo: kazi iliyokatwa vipande vinavyowezekana, kosa lisiloangamiza, kipimo kisichodanganya, na mwenye ujuzi aliye karibu.

Sasa mlinganishe kijana huyo na mhitimu anayeajiriwa katika ofisi. Wiki ya kwanza anazungushwa kusalimia idara. Wiki ya pili anapewa kiti na kuambiwa asubiri. Mwezi mzima anapiga fotokopi, kisha siku moja, kwa sababu mtu yuko likizo, anatupiwa ripoti nzima inayotakiwa na mkurugenzi jioni ileile. Akiharibu, anaambiwa vijana wa siku hizi hawana msimamo na kazi. Fundi wa lipu, ambaye pengine hakumaliza shule, anajua kulea uwezo kuliko ofisi yenye maofisa wa rasilimaliwatu.

Chemchemi ya pili imepata ushahidi mzuri hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 mtafiti Emma Riley aliwapeleka wanafunzi wa sekondari wa Kampala sinema muda mfupi kabla ya mitihani yao ya taifa. Baadhi, kwa bahati nasibu, walitazama *Queen of Katwe*, filamu ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa duni wa Katwe aliyekuwa mchezaji wa sataranji wa kimataifa. Wengine walitazama filamu nyingine isiyohusiana. Miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha nne, waliofeli hisabati walikuwa wachache zaidi kwa waliomtazama Phiona, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Filamu ya saa mbili haikuwafundisha kanuni hata moja ya hisabati. Iliwaonyesha binti wa mji wao, mwenye lafudhi yao, akiwa ameweza.

Hilo lina maana kwa mahali pa kazi. Mtumishi wa zahanati ya kijijini hamtazami daktari bingwa wa Muhimbili kama kioo. Anamtazama mwenzake wa zahanati ya jirani, mwenye elimu sawa na yake na upungufu wa dawa sawa na wake. Mafunzo yanayomleta mtaalamu kutoka mbali kusimulia mafanikio yake hugusa kidogo. Ziara ya siku mbili kwa mwenzako anayefanana nawe hugusa zaidi, na gharama yake ni nauli tu.

Maneno ni chemchemi ya tatu, na sitaki kuyadharau. Dov Eden alifanya jaribio mwaka 1982 katika jeshi la Israeli: wakufunzi waliambiwa kwamba baadhi ya wanafunzi wao wana uwezo wa juu, ilhali waliotajwa walichaguliwa kwa kubahatisha tu. Mwisho wa kozi waliotajwa walifanya vizuri zaidi. Mtu wa haraka atasema, unaona, matarajio yanatosha. Lakini matarajio yale hayakupaa hewani. Yalipita kwenye mikono ya wakufunzi: mkufunzi anayemwamini mwanafunzi humpa kazi nzito zaidi, maelezo zaidi, nafasi ya kurudia. Imani ya mkubwa ilifanya kazi kwa sababu iligeuka kuwa mazoezi. Mhamasishaji anayekuja mara moja na kuondoka na bahasha yake hana mikono hiyo. Anamwambia mtu "unaweza" kisha hayupo siku mtu huyo anapojaribu na kushindwa, na kushindwa huko hufuta maneno yote ya ukumbini. Bandura mwenyewe alisisitiza kwamba imani iliyopandwa kwa maneno matupu ndiyo inayong'oka upesi.

Chemchemi ya nne ninaipita haraka, isipokuwa kwa neno moja: msimamizi anayefoka huharibu zaidi ya siku ile. Anawafundisha watu wake kuusikia mwili ukitetemeka kila wanapokaribia kazi, na baada ya muda kutetemeka huko hubaki hata yeye akihamishwa.

Kuna pingamizi mbili kubwa ambazo lazima zisikilizwe, kwa sababu uchambuzi unaozikwepa unageuka kuwa mahubiri.

Ya kwanza inatoka ndani ya saikolojia yenyewe. Mwaka 2007 Timothy Judge na wenzake walionyesha kwamba ukishaingiza kwenye hesabu akili, tabia na uzoefu wa mtu, mchango wa imani ya uwezo peke yake unapungua sana. Jeffrey Vancouver alikwenda mbali zaidi. Aliwachezesha wanafunzi mchezo wa kukisia kwa mantiki, raundi baada ya raundi, akaona kwamba mtu yuleyule, pale imani yake ilipopanda, alijiamini kupita kiasi, akapunguza uangalifu na kufanya makosa zaidi. Na Traci Sitzmann na Gillian Yeo, walipokusanya mwaka 2013 tafiti zilizomfuatilia mtu mmoja mmoja kwa muda, walikuta kwamba utendaji wa jana huieleza imani ya leo kwa nguvu kuliko imani ya leo inavyoueleza utendaji wa kesho.

Wengine huyasoma matokeo hayo kama kuanguka kwa Bandura. Mimi nayasoma kama uthibitisho wa chemchemi yake ya kwanza. Kama imani kwa sehemu kubwa ni kivuli cha kazi iliyofanikiwa, basi anayetaka kivuli kirefu ainue mti. Na onyo la Vancouver lina uzito wake kwa kazi zinazogusa uhai. Dereva wa basi la mikoani anayejiona ameshaimaliza barabara, mkunga anayeamini mikono yake hata akaacha kuangalia chati: hawa hawana upungufu wa kujiamini. Wanahitaji timazi la kuwaambia ukuta umepinda. Imani isiyopimwa na kazi huwa hatari kwa wengine kabla haijawa hatari kwa mwenye nayo.

Pingamizi ya pili inatoka mtaani, na ina haki: acheni saikolojia, watu walipwe. Hapa pia tuna ushahidi wa nyumbani. Utafiti wa Benki ya Dunia na washirika wake katika nchi 7 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulikuta kwamba wakaguzi walipofika bila taarifa, zaidi ya walimu 4 kati ya 10 hawakuwa darasani walipotakiwa kuwa, na karibu nusu ya hao walikuwa palepale shuleni. Wameamka, wamepanda daladala au baiskeli, wamefika, wamesaini daftari la mahudhurio, na hawakuingia darasani. Ukweli huo hunisumbua kila ninapoukumbuka. Mtu asiyejali kabisa angebaki nyumbani.

Mwaka 2013 na 2014 mpango wa KiuFunza, ulioendeshwa na shirika la Twaweza pamoja na wachumi wa vyuo vikuu, ulijaribu dawa tatu katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania bara. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya kununulia vifaa. Kundi la pili, walimu waliahidiwa fedha kwa kila mwanafunzi atakayefaulu. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza kwa watoto. Motisha ya fedha peke yake ilileta matokeo hafifu. Vyote viwili pamoja vilileta maendeleo ya wazi, makubwa kuliko ukijumlisha cha kwanza na cha pili. Kwa maneno ya mada yetu, sababu ya kutaka bila njia ya kuweza haikutosha, na njia bila sababu haikutosha. Indonesia nayo iliwaongezea walimu waliothibitishwa mshahara wa msingi mara mbili; jaribio la shule 360 likaonyesha walimu wakiridhika zaidi na kupungukiwa na dhiki ya fedha, huku watoto wakijifunza kiasi kilekile.

Wala simaanishi mshahara usubiri. Mshahara mdogo na unaochelewa unamnyima mtu lile sharti la tatu la Kahn, na ni dhuluma hata kama usingeathiri utendaji hata chembe. Ninachosema ni kwamba mshahara haumfundishi mtu kuupata mshipa wa mtoto.

Hata kampuni ya Gallup, ambayo kila mwaka hupima moyo wa kazi duniani na ambayo kwa mwaka 2024 ilihesabu asilimia 21 tu ya wafanyakazi kuwa nao, ukiyasoma maswali yake 12 utaona kwamba mengi hayaulizi moyo. Yanauliza kama mtu anajua anachotarajiwa, kama ana vifaa, kama anapata nafasi ya kufanya kile anachokiweza vizuri, kama kuna anayemjali na kumweleza maendeleo yake. Hayo ni maswali ya kumuuliza meneja.

Kuna kipande kimoja cha historia ambacho nadhani kinastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu kinaihamisha imani ya uwezo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa kundi. Bandura aliiandika pia imani ya pamoja: watu kuamini kwamba wao, kwa umoja wao, wanaweza. Mwaka 1971 TANU, chama kilichokuwa kikitawala, kilitoa waraka wa sera ulioitwa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilikataza viongozi kuwa na kiburi na ubabe kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko walioiandika walivyotarajia. Migomo ikaenea, na mingi haikudai nyongeza ya mshahara. Ilidai heshima na uongozi bora. Mwezi Juni 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Issa Shivji ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya matabaka nchini Tanzania. Waliojaribu kufuata mfano huo katika kiwanda kingine walizimwa na dola.

Tunaweza kubishana juu ya siasa za tukio lile. Jambo moja halina ubishi: watu walewale ambao kabla ya hapo mabosi wao wangewaita wavivu na wakorofi waliziendesha mashine bila msimamizi. Walikuwa na uwezo huo siku zote. Kilichokuwa kimewanyima moyo ni kutotambuliwa kwamba wanao. Ndiyo maana siridhiki na utafiti unaopima imani ya mfanyakazi mmoja mmoja kwa dodoso na kuishia hapo. Katika kazi nyingi za kwetu, wodini, kiwandani, shambani, mtu huweza au hushindwa pamoja na wenzake, na ofisi inaweza kuwa na watu kumi wanaojiamini kila mmoja kwa kazi yake, lakini wote wakaamini kwamba "hapa kwetu hakuna kinachowezekana". Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayoua idara, na haitibiwi kwa kumtibu mmoja.

Tathmini za utendaji zingeweza kuwa timazi letu. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha OPRAS, mfumo wa wazi ambao mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja, kukubaliana malengo na kuyapitia katikati ya mwaka. Kwa maandishi ulikuwa mfumo mzuri. Katika ofisi nyingi ukawa fomu za kujazwa kwa mkupuo muda wa kupandishwa madaraja ulipokaribia, kila mtu akijipa alama zilezile za mwaka uliopita. Kipimo kinachompa kila mtu alama moja hakimwambii yeyote kwamba ameweza. Sasa umeletwa mfumo wa kidijitali badala yake, lakini kompyuta haitakaa na mtumishi kumwonyesha palipotuna na palipobonyea.

Wewe unayeongoza watu, kabla hujaidhinisha malipo ya ukumbi mwingine na mhamasishaji mwingine, mwite mtumishi mmoja ambaye umeshamkatia tamaa. Usimuulize kwa nini hajitumi. Muulize ni sehemu gani ya kazi yake anayoiogopa, na ni nani hapo ofisini anayeiweza. Wapange wafanye kazi hiyo pamoja kwa wiki mbili, kipande kidogo kwanza, na wewe uwepo kukikagua kikiisha.

Na kwa wenye mamlaka juu ya elimu: zaidi ya miaka 20 imepita tangu LOITASA ianze, na mwalimu wa sekondari ya serikali nchini Tanzania bado anatakiwa kufundisha biolojia kwa Kiingereza.